Runinga isiyotazamwa inawapokonya watoto wetu lugha

Miongoni mwa mazoea yaliyoota mizizi katika nyumba nyingi za mijini nchini Kenya ni lile la kuiwasha runinga asubuhi na kuiacha ikinguruma hadi watu waendapo kulala, pawe na mtazamaji au pasiwe na mtazamaji. Mama yuko jikoni, baba ameinamia simu yake, watoto wanacheza sakafuni, na runinga inaendelea kusema na kuta. Ukiwauliza wenye nyumba kwa nini hawaizimi, watakujibu kwamba hawaitazami, kwa hivyo haimdhuru mtu; kwamba nyumba isiyo na sauti hufanana na nyumba iliyohamwa; kwamba wamekwisha kuizoea.

Nia yangu katika makala haya ni kuonyesha kwamba jibu hilo lina kasoro. Kuhusu runinga inayotazamwa, mengi yamesemwa na walimu, wazazi na viongozi wa dini, na sitayarudia. Runinga isiyotazamwa ni suala jingine. Hiyo haimfunzi mtu wala haimburudishi, ila inachukua kitu cha thamani kubwa, nacho ni mazungumzo. Mtoto anayejifunza kusema hana shule nyingine ila mazungumzo. Na katika baadhi ya mitaa ya jiji letu kuu, lugha inayopotea kwanza kwa njia hii ni Kiswahili.

Tuuchukue mtaa wa Spring Valley uwe mfano. Mtaa huu uko upande wa magharibi wa Nairobi, kando ya barabara ya Lower Kabete, mwendo mfupi tu kutoka Westlands. Enzi za ukoloni eneo hili lilikuwa miongoni mwa yale waliyoishi Wazungu. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 likawa la yeyote aliye na uwezo wa kifedha. Ni mtaa wa nyua pana, malango ya chuma na miti mikubwa, ingawa siku hizi majumba ya orofa yanazidi kuchipuka. Nyumba zimetengana kiasi kwamba jirani hasikii kinachosemwa kwa jirani. Mgeni angetarajia kukuta utulivu mkubwa huko, na kwa kweli nje utulivu upo. Kelele zimo ndani.

Hebu tuitazame nyumba ya aina hiyo saa nne za asubuhi siku ya kazi. Wazazi wamekwenda kazini na watoto wakubwa wako shuleni. Waliobaki ni mtoto wa miaka miwili na yaya wake, pengine na mtunza bustani huko nje na bawabu langoni. Wazazi wa mtoto huyu huzungumza naye Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya shule anayotarajiwa kujiunga nayo. Wao kwa wao labda huzungumza Kikuyu, Kijaluo, Kiluhya au Kikamba, lakini mtoto hasemeshwi kwa lugha hizo ila nyanya anapokuja kuwajulia hali. Kiswahili anakipata wapi? Anakipata kwa yaya, kwa bawabu, kwa mtunza bustani na kwa mama mboga anayepita langoni. Kwa maneno mengine, katika nyumba za wenye nacho, lugha ya taifa inabebwa na watu wanaolipwa mshahara mdogo kuliko wote.

Hao ndio walimu wa kwanza wa Kiswahili wa watoto wa Spring Valley, na hakuna aliyewapa cheti wala shukrani. Sasa yaya huyo, mwenye nguo za kufua na chakula cha kupika, anaiwasha runinga ili mtoto "atulie". Katuni za Kiingereza zinaanza kupiga kelele. Mtoto anazitazama kwa dakika chache, anachoka, anarudi kwenye vitu vyake vya kuchezea. Runinga haizimwi. Kuanzia hapo yaya na mtoto wamo katika chumba kimoja, lakini kila mmoja yuko peke yake.

Yafaa tukumbuke kwamba hali haikuwa hivi tangu awali. Runinga ilipoingia Kenya mapema katika miaka ya 1960 ilikuwa kitu adimu. Shirika la utangazaji lilitwaliwa na serikali mwaka 1964 likaitwa Sauti ya Kenya, na jina la KBC likarejea mwaka 1989. Kwa miaka mingi kituo kilikuwa kimoja tu. Matangazo yalianza alasiri na kufungwa usiku kwa wimbo wa taifa, na baada ya hapo hapakuwa na la kutazama. Aliyekuwa na runinga alitembelewa na majirani, na kilichoonyeshwa kilitazamwa na watu walioketi pamoja, wakacheka pamoja, wakabishana pamoja. Vipindi kama Vitimbi na Vioja Mahakamani vilizaa mazungumzo. Asubuhi yake watoto shuleni waliiga usemi wa Mzee Ojwang', mhusika aliyeigizwa na Benson Wanjau, ambaye alifariki mwaka 2015. Runinga ya namna hiyo iliwapa watu maneno badala ya kuwanyang'anya.

Mambo yalibadilika hatua kwa hatua. KTN ilianza mwaka 1990 na vituo vingine vya kibinafsi vikafuata. Wenye uwezo wakaweka mabakuli ya setilaiti juu ya mapaa yao. Mwaka 2015 nchi ilihamia mfumo wa dijitali na ving'amuzi vikaleta vituo kwa makumi. Siku hizi intaneti huleta katuni moja baada ya nyingine bila mtu kugusa chochote. Runinga haina tena saa ya kufungua wala saa ya kufunga. Na kitu kisicho na mwanzo wala mwisho hakiwezi kuwa tukio katika maisha ya watu. Hugeuka kuwa hali ya hewa, mfano wa mvua inyeshayo juu ya bati, ambayo watu huizoea lakini huwalazimu kupaza sauti.

Je, tuna ushahidi gani kwamba mvua hiyo ina madhara? Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusu watoto 50 wa umri wa mwaka mmoja, miaka miwili na mitatu. Kila mtoto aliachwa acheze kwa muda wa saa moja, na kwa nusu ya muda huo runinga ilikuwa imewashwa. Kipindi kilichoonyeshwa kilikuwa Jeopardy!, shindano la maswali na majibu la watu wazima, ambalo mtoto wa umri huo hawezi kulielewa. Watoto hawakulitazama sana. Waliinua macho kwa sekunde chache, kisha wakarudi kwenye michezo yao. Hata hivyo michezo yenyewe ilikatikakatika. Mtoto alianza jambo na kuliacha mapema kuliko alivyofanya runinga ilipokuwa imezimwa. Macho hayakuwa kwenye runinga, lakini akili ilikuwa ikiguswaguswa begani kila mara.

Mwaka uliofuata, 2009, uchunguzi ulioongozwa na daktari wa watoto Dimitri Christakis ulichapishwa huko huko Marekani. Ulihusisha watoto 329 wa umri wa miezi 2 hadi 48, ambao walivalishwa vinasa sauti vidogo vilivyonasa yote waliyoyasikia na kuyasema nyumbani. Ilibainika kwamba kila saa moja ambayo sauti ya runinga ilisikika iliambatana na upungufu wa maneno 770 kwa wastani, katika yale ambayo mtoto alisikia kutoka kwa watu wazima. Msomaji akitaka kuupima upungufu huo, ajue kwamba maneno 770 ni zaidi ya theluthi moja ya makala haya. Zamu za mazungumzo, yaani mtoto kusema na mkubwa kumjibu, nazo zilipungua.

Kuna atakayesema kwamba huenda watu wasiopenda kuzungumza ndio wapendao kuwasha runinga, na kwa hivyo tumechanganya sababu na matokeo. Hoja hiyo ni ya haki. Lakini jaribio jingine lililochapishwa mwaka huo wa 2009 liliwaangalia wazazi wale wale wakiwa na watoto wao, bila runinga na pia runinga ikiwa imewashwa. Mzazi yule yule alimsemesha mtoto wake kwa uchache zaidi pindi runinga iliposikika. Wahenga walinena kwamba mshika mbili moja humponyoka. Katika hali hii linalomponyoka mtu ni mtoto wake.

Sasa tuingie katika uwanja wa isimu, kwa kuwa ndipo hasara hii inapoonekana dhahiri. Wapo wanaoamini kwamba mtoto atajifunza lugha kwa kuisikia tu, na kwamba runinga ikizungumza Kiswahili siku nzima mtoto atakuwa Mswahili. Mnamo mwaka 1981 wanaisimu watatu wa Marekani, Jacqueline Sachs na wenzake, walichapisha habari za mtoto waliyempa jina la Jim. Wazazi wake walikuwa viziwi, naye alikuwa na masikio mazima. Kiingereza alichokisikia kilitoka hasa kwenye runinga. Alipofikia umri wa karibu miaka minne alikuwa na maneno, lakini sentensi zake zilikuwa zimeparaganyika kwa namna isiyo ya kawaida kwa watoto wa umri wake. Watafiti walipoanza kuzungumza naye ana kwa ana, usemi wake ulirekebika kwa muda mfupi. Runinga ilikuwa imesema mbele yake kwa miaka, lakini haikuwahi kusema naye.

Tofauti kati ya kusema mbele ya mtoto na kusema naye ndiyo kiini cha jambo hili. Mtoto wa miaka miwili na nusu anamwaga kikombe na kusema, "Maji imemwagika." Yaya anamjibu, "Ndiyo, maji yamemwagika. Lete kitambaa tuyapanguse." Hakumkemea wala hakumfundisha sarufi. Amemrudishia sentensi yake ikiwa imenyooshwa, na papo hapo amempa upatanisho wa ngeli mara mbili, katika kitenzi kimoja na kingine, tena kwa jambo analoliona kwa macho yake. Hata yaya ambaye Kiswahili chake si sanifu sana, ambaye mara nyingine huchanganya ngeli jinsi wengi wetu tunavyochanganya hapa Nairobi, bado anampa mtoto kile ambacho hakuna kituo cha utangazaji kinachoweza kumpa: jibu.

Aidha, Kiswahili kina sababu yake ya kipekee ya kuiogopa kelele. Lugha yetu hubeba sehemu kubwa ya sarufi yake katika viambishi vifupi vya mwanzo wa neno, ilhali mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Linganisha "kitabu chake kimeanguka" na "vitabu vyake vimeanguka". Sehemu kubwa ya tofauti imo katika silabi ndogo zisizo na mkazo. Mtu mzima anayeijua lugha akikosa kuisikia "ki" au "vi", akili yake hujaza pengo. Mtoto hana cha kujazia. Na masikio ya watoto, kama ilivyothibitishwa mara nyingi, hayana uwezo wa mtu mzima wa kuchambua sauti moja kutoka katika nyingine. Uwezo huo hukua polepole kwa miaka mingi. Jicho lina kope la kujifumbia. Sikio halina.

Hapo ndipo linapozuka jambo la kusikitisha na la kuchekesha kwa wakati mmoja. Mtoto huyo huyo akifika darasa la nne, wazazi huambiwa kwamba anafanya vyema katika kila somo isipokuwa Kiswahili. Mwalimu wa ziada huajiriwa aje nyumbani siku za likizo. Analipwa kwa saa ili amfundishe mtoto kusema "maji yamemwagika", somo ambalo yaya angalilitoa bure miaka saba iliyotangulia, laiti chumba kingalikuwa na utulivu wa kutosha wa watu wawili kusikizana.

Isidhaniwe kwamba madhara haya huishia kwa watoto wadogo. Wanafunzi wa shule za upili na hata wa vyuo vikuu hujigamba kwamba wanaweza kudurusu huku runinga ikiendelea. Tangu mwaka 1976 wanasaikolojia wameonyesha kwamba maneno yasemwayo karibu na mtu anayejaribu kukariri orodha humvuruga, hata akiagizwa ayapuuze, na hata yakiwa ya lugha asiyoijua. Asomaye kimya husema ndani kwa ndani, na sauti ya nje hugombana na ile ya ndani.

Ama kuhusu hoja ya kuzoea, naomba walimu waukumbuke uchunguzi wa Arline Bronzaft uliochapishwa mwaka 1975 huko New York. Shule moja ilikuwa imejengwa kando ya reli iliyoinuliwa juu ya nguzo. Watoto waliosomea upande wa reli walikuwa nyuma katika kusoma wakilinganishwa na wenzao wa upande wa pili wenye utulivu. Baadaye reli iliwekewa mipira na madarasa yakawekewa dari za kufyonza sauti, na uchunguzi uliofuata ukakuta kwamba tofauti hiyo imetoweka. Mtu anaweza kuizoea kelele hata asitambue tena kwamba ipo, na wakati huo huo ikaendelea kumgharimu.

Haki inatutaka tuzisikilize pia sababu za upande wa pili. Kuna mjane anayeishi peke yake, ambaye sauti ya runinga humwondolea upweke. Kuna wanaoiacha ikisema wanapotoka ili wezi wadhani kuna watu. Kuna yaya mwenye kazi za watu watatu, ambaye bila katuni zile mtoto angemfuata hadi kwenye moto wa jiko. Huyu hasa hastahili lawama. Mwajiri anayetaka mtoto wake asemeshwe hana budi kuhesabu kumsemesha mtoto kuwa kazi, na kuipa muda wake miongoni mwa kazi za siku. Ukimwandalia yaya orodha ya kufua, kupiga pasi, kudeki na kupika, usishangae kwamba mtoto amekabidhiwa mashine.

Tusisahau pia kwamba utulivu ni mali, na kama mali nyingine haukugawanywa sawa. Katika chumba kimoja cha kukodi huko Kangemi, ng'ambo ya barabara ya Waiyaki, familia nzima hula, hulala na husomea palipo na runinga, na ya jirani pia husikika kupitia ukuta wa mabati. Mwanafunzi wa huko hana pa kuikimbilia. Mkazi wa Spring Valley anapo. Ana vyumba, ana bustani, ana veranda. Ikiwa aliyejaliwa utulivu anaununulia kelele na kuitundika katika kila chumba, hawezi kusema kwamba amekosa njia.

Yapo basi mambo machache yanayoweza kufanywa, na hakuna hata moja linalohitaji kamati wala sheria. Kwanza, runinga iwashwe kwa ajili ya kipindi, na kipindi kikiisha izimwe. Pili, kinachotazamwa na mtoto kitazamwe na mkubwa pia kila iwezekanapo, kwa maana swali la "huyu anafanya nini?" ndilo linalogeuza picha kuwa lugha. Tatu, saa ya chakula iachiwe watu. Nne, mgeni anapobisha hodi, tumzimie. Tumekuwa na desturi ya kumkaribisha mgeni, kumketisha mbele ya runinga na kumkabidhi kidhibiti chake tukaandae chai, kana kwamba amekuja kuiamkia runinga.

Kwa walimu wa Kiswahili nina ombi la ziada. Kusikiliza na kuzungumza ndiyo mada inayotangulia katika mtaala wetu, lakini kazi za nyumbani tunazotoa karibu zote ni za kuandika. Mpe mwanafunzi kazi isiyoweza kufanyika runinga ikinguruma. Mwambie akawaulize nyanya, yaya au bawabu vitendawili vitano asivyovijua, avilete darasani. Mwambie akasimuliwe ngano moja na mtu mzima wa nyumbani kwao. Tanzu hizi za fasihi yetu simulizi zimeundwa kwa namna ambayo mtu mmoja hawezi kuzitenda. Anayesema "Kitendawili!" hungoja kuambiwa "Tega!" Anayesema "Paukwa!" hawezi kuendelea kabla ya kusikia "Pakawa!" Wazee wetu waliliweka jibu la msikilizaji mlangoni mwa hadithi, wakijua kwamba hadithi isiyo na wa kuiitikia haijaanza.

Runinga inaweza kutamka "Paukwa" mara elfu kwa siku. Haina sikio la kungojea jibu, na mtoto hulitambua hilo mapema kuliko sisi. Ndiyo maana huigeuzia kisogo na kurudi kwenye vitu vyake. Wakati huo, anapokuwa ameigeuzia kisogo na anazungumza peke yake na kikombe na kijiko, ndio wakati wa mkubwa aliye karibu kuizima, kuketi sakafuni na kumuuliza anapika nini.